Haki Kabla ya Ukuta: Nyumba ya Kwanza katika Mkoa wa Singida

Mtu anayetafuta nyumba yake ya kwanza katika mji wa Singida hakuti safu za nyumba zilizokwisha kamilika, zenye bei iliyotangazwa na benki iliyo tayari kumkopesha sehemu kubwa ya thamani yake, kama wanavyosimuliwa wasomaji wa vitabu vya nasaha vinavyotungwa Uingereza na Marekani. Hukuta viwanja vitupu kati ya majabali, maboma yaliyofika kwenye lenta yakasimama hapo, nyumba za urithi zenye wauzaji watano na msemaji mmoja, na dalali wa pikipiki ambaye aghalabu hajui zaidi ya bei. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, limejenga nyumba za kuuza huko Unyankumi, na jambo hilo lastahili shukrani; lakini nyumba hizo ni chache mno zikilinganishwa na mahitaji ya mkoa ambao sensa ya mwaka 2012 iliukuta na watu takriban milioni 1.37, na ile ya mwaka 2022 ikaukuta umekwisha vuka milioni 2. Basi walio wengi hujenga, na hata yule asemaye kuwa amenunua nyumba, mara nyingi amenunua ujenzi wa mwenziwe ulioishia njiani.

Maadamu hali ndiyo hiyo, nasaha za kununua nyumba zikiletwa Singida hazina budi kuanza mahali pengine. Rai yangu ni kwamba fedha za watu wetu hazipotei hasa kwa sababu nyumba ni ghali, ingawa ni ghali kweli, bali kwa sababu hutumiwa kwa mpango uliopinduka: ukuta hutangulia, maji hufuata, na hati huja mwisho, ikiwa itakuja kabisa. Mtu hukusanya mishahara ya miaka, akasimamisha kuta za matofali ya kuchoma zinazopendeza macho, kisha akagundua kuwa kiwanja kimechorwa katika ramani ya mipango miji kuwa njia, au kwamba aliyemuuzia alikuwa mmoja tu wa warithi sita.

Mazoea haya yana asili yake, wala si upumbavu mtupu. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ya wakati wa Waingereza, ardhi ya Tanganyika ilihesabiwa kuwa ya umma. Na baada ya uhuru, mwaka 1963, ule umiliki wa milele waliokuwa nao wachache ukafutwa, ukageuzwa kuwa upangaji kutoka kwa serikali. Ardhi tupu haikuwa na bei mbele ya sheria, na kilichoruhusiwa kuuzwa ni maendelezo yaliyokuwa juu yake: kibanda, kisima, mti, msingi. Kwa hiyo vizazi viwili au vitatu vya Watanzania vilijifunza, na kwa haki, kwamba anayetaka kuthibitisha kuwa mahali ni pake hana budi kusimamisha kitu kinachoonekana, hata kama ni mwembe mmoja au mstari wa mawe. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zilikuja na kanuni mpya kwamba maslahi katika ardhi yana thamani yenyewe, na kwamba daftari la Msajili wa Hati ndilo lenye neno kubwa. Sheria ilibadilika; desturi ilibaki palepale, na kati ya hizo mbili ndipo walaghai wanapojipatia riziki.

Mnunuzi na ajue kwanza ni daraja gani ya haki anayouziwa, kwa maana wauzaji huziita zote kwa jina moja. Juu kabisa ni hatimiliki iliyosajiliwa, ambayo hutolewa kwa muda, aghalabu miaka 33, 66 au 99, na ambayo ina namba, ramani ya upimaji na mipaka iliyowekewa vigingi. Chini yake ni barua ya toleo, ile ambayo watu wote huiita ofa, ambayo ni ahadi ya serikali kwa mtu aliyetajwa ndani yake, na ambayo kwa watu wengi hukaa sandukuni miaka na miaka bila kukamilishwa kuwa hati. Halafu ipo leseni ya makazi, iliyo ya muda mfupi. Na vipo viwanja vya urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa kwanza yakapimwa baadaye, ambavyo vingine vimekwisha fika kwenye hati na vingine viko kwenye mchoro tu. Mwisho kabisa ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, ambayo ni ushahidi kwamba fulani alimpa fulani fedha, lakini haimfanyi muuzaji kuwa mwenye mali ikiwa hakuwa. Sisemi kwamba haki ya chini isinunuliwe kamwe, kwa kuwa wengi hawana uwezo wa nyingine. Nasema isinunuliwe kwa bei ya haki ya juu.

Nje ya mji, katika vijiji vya Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni, mambo ni tofauti kabisa, na hapa mtumishi aliyehamishiwa mkoani, akavutiwa na ekari tatu za bei ya chini, huweza kuponzwa na ugeni wake. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, nayo hairuhusiwi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mahakama zetu zimekwisha amua zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyoidhinishwa na halmashauri hiyo ni batili. Mnunuzi atakayeridhika na mkono wa mwenye shamba na soda za mashahidi wawili amenunua batili hiyo. Anayetaka salama huomba muhtasari wa kikao, jina lake likiwamo, kisha akaendelea mpaka kwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ambayo baadhi ya watu huidharau bure, ilhali sheria inaipa nguvu sawa na haki miliki ya kupewa.

Kwa ardhi iliyosajiliwa dawa ni nyepesi. Huitwa upekuzi: mtu hupeleka namba ya hati kwa Msajili, akalipa ada ndogo, akajibiwa kwa maandishi ni nani mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mke, ndugu au mdai. Zamani wakazi wa Singida walikuwa na udhuru, kwa kuwa masjala yao yalikuwa Dodoma katika ofisi ya kanda, na safari na kulala vilizidi ada yenyewe. Tangu mwaka 2020, wizara ilipofungua ofisi za ardhi katika kila mkoa, udhuru huo umekwisha. Hata hivyo watu bado hununua kwa kutazama nakala ya hati iliyotiwa plastiki, na plastiki, kwa bahati mbaya, haisemi kama hati halisi iko rehani benki.

Nyumba za urithi zinahitaji uangalifu wake peke yake, kwa kuwa ndizo nyingi katika mitaa ya zamani ya mji, na ndizo zinazouzwa kwa haraka. Familia huitisha kikao cha ukoo, ikaandika muhtasari, ikamteua kaka mkubwa, naye akaushika muhtasari ule kama kwamba ni amri ya mahakama. Si amri. Kikao hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na kabla ya uteuzi huo hapana mtu mwenye mamlaka ya kuiuza mali ya marehemu, hata awe mpole na mcha Mungu namna gani. Dada aliyeolewa Nzega, ambaye hakuitwa kikaoni kwa sababu eti ameolewa, ndiye anayerudi baada ya miaka minane na kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12, kwa hiyo hajachelewa.

Haki ikishapatikana, ndipo tuitazame ardhi yenyewe kwa macho. Singida ni nchi ya mvua moja, inayoanza karibu na Novemba au Disemba na kukoma Aprili. Mwaka uliobaki ni jua na upepo. Kiwanja kinachoonyeshwa Agosti ni kikavu, kigumu, na kizuri kama kilivyo chochote mwezi huo. Kile kile Februari huweza kuwa mbuga ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao hubeba msingi juu na chini mpaka kuta zikaachana. Mtu mwerevu hukikagua kiwanja Februari na kukinunua Agosti. Akipenda mandhari ya ziwa Singidani au Kindai, na nani asiyeyapenda, akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na akivutiwa na kando ya barabara kuu ya kwenda Dodoma, Nzega au Babati kwa tamaa ya fremu za duka, akumbuke Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyoongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande toka katikati, na kuziacha nyumba nyingi nchini zikiwa na alama nyekundu ya X ukutani.

Kisha maji. Mji unategemea sana visima virefu, na mkoa wa Singida ni miongoni mwa ile ambayo maji yake ya ardhini huwa na madini ya floridi kupita kiasi katika baadhi ya mahali, madini yanayotia meno rangi ya kahawia na, yakizidi miaka mingi, kudhuru mifupa. Mtu anayetegemea kuchimba kisima chake asichimbe bila kupima maji ya jirani. Na anayetegemea bomba la mamlaka ya maji aulize bomba la mwisho liko umbali gani, kwa kuwa kiwanja cha bei nafuu kilicho mbali na bomba na nguzo ya umeme hulipiwa unafuu wake polepole, kwa madumu ya maji ya kununua wakati wa kufyatua tofali na wakati wa kumwagia zege.

Sasa fedha, ambazo ndizo zinazowaogopesha watu zaidi kuliko inavyostahili, na tena kwa upande usiostahili. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995, na kwa zaidi ya mwongo mmoja mkopo wa nyumba ulikuwa kama haupo nchini. Sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, na kampuni ya TMRC iliyoundwa mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, zimeurudisha. Lakini wakopaji wa namna hii katika nchi nzima bado ni maelfu machache, na riba imekuwa ikizunguka kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue hesabu ya mfano. Mtu akikopa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 17 juu ya salio linalopungua, kwa miaka 15, atalipa takriban shilingi 615,000 kila mwezi, na mwishowe atakuwa ametoa karibu milioni 111. Mkopo huo huo kwa miaka 10 utamtoza takriban 695,000 kwa mwezi, na jumla yake itakuwa kama milioni 83. Tofauti ya shilingi 80,000 kwa mwezi inaokoa zaidi ya milioni 27. Lakini mshahara ambao theluthi yake lazima ibaki haukubali kila hesabu, na mtumishi wa kawaida wa halmashauri hafiki hata kwenye ile ya kwanza. Tena aulize kwa maandishi kama riba ni ya salio linalopungua au inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka siku ya mwisho, kwa sababu asilimia moja katika njia hizo mbili si asilimia moja mfukoni.

Ukizitazama tarakimu hizo, utaona kwamba yule anayejenga polepole, tofali kwa tofali, hakupungukiwa na akili kama wanavyodhani baadhi ya wachumi. Amekataa kulipa nyumba mbili na robo tatu ili apate moja. Mkulima wa alizeti au vitunguu, ambaye fedha zake huja kwa mkupuo baada ya mavuno na si mwisho wa mwezi, hana hata njia ya kuingia katika utaratibu wa benki. Kwake yeye mwezi wa Juni na Julai ndio wa kuchimba msingi, na jua la kiangazi ndilo la kukausha na kuchoma matofali. Chama cha akiba na mikopo kinachokopesha kwa kiasi cha mara kadhaa ya akiba ya mwanachama humfaa zaidi, ilimradi mkopo uende kwenye hatua inayoweza kumalizika, kama vile kupaua, usiende kwenye nusu ya hatua. Na kwa Mwislamu anayejitenga na riba, Amana Bank ilianza mwaka 2011 kama benki kamili ya misingi hiyo, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha benki hununua kitu na kukuuzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo. Faida hiyo nayo ihesabiwe kama inavyohesabiwa riba, kwa kuwa uhalali wa mkataba hauifanyi bei kuwa ndogo.

Lakini ujenzi wa polepole nao una gharama isiyoandikwa popote. Mtu anayelipa kodi ya chumba shilingi 100,000 kwa mwezi, akajenga kwa miaka 7, amelipa milioni 8.4 kwa mwenye nyumba huku boma lake likinyeshewa. Kosa lake si upole wa mwendo, ni ukubwa wa ramani. Vyumba vinne, sebule ya kupokelea wageni ambao hawajaja, na paa la kenchi nyingi lenye migongo saba kwa ajili ya mabati ya rangi: haya ndiyo yanayomchelewesha. Wazee wa Unyaturu na Ugogo, waliojenga tembe zenye paa la udongo lililolala, waliujua upepo wa nchi hii kuliko wachoraji wetu. Paa refu linalosimama kinyume cha upepo wa Singida linataka kufungwa kwa chuma kilichozamishwa ndani ya lenta, na fundi anayepigilia misumari tu anakuachia deni. Vyumba viwili vilivyokamilika, vyenye choo, milango na maji, juu ya ramani inayoruhusu kuongezwa, na kibali cha ujenzi cha halmashauri mkononi, ni bora kuliko kasri la lenta. Zaidi ya hayo, kiwanja kipya cha serikali huja na sharti la kuendelezwa ndani ya miezi 36, na nyumba ndogo hulitimiza.

Hapa ndipo hati inaporudi kudai nafasi yake ya kwanza. Benki haipokei boma kuwa dhamana, wala neno la mwenyekiti, hupokea hati. Aliyetangulia kutumia fedha zake za awali katika upimaji na usajili anaweza, akifika kwenye paa na kukwama, kukopa kiasi kidogo kwa muda mfupi na kumaliza. Aliyetangulia na ukuta hana pa kushika. Vivyo hivyo bei ya kuuzia, kodi ya mpangaji mkubwa, na fidia mradi wa serikali ukipita, vyote husoma karatasi kabla ya kutazama tofali.

Katika siku ya malipo, mkataba uwe wa maandishi, kwa maana mkataba wa ardhi usioandikwa hautekelezeki mahakamani, na fedha zipite benki badala ya kuhesabiwa juu ya mkeka. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji kisheria, na muuzaji wa makazi yake mwenyewe, aliyoyamiliki miaka 3 na kuishi humo miaka 3, husamehewa ikiwa faida haizidi milioni 15. Lakini uhamisho hausajiliwi mpaka Mamlaka ya Mapato iridhike, na muuzaji aliyekwisha pokea senti ya mwisho hana haraka ya kwenda huko. Kwa hiyo mnunuzi abakize sehemu ya bei, ya kutosha kumuuma mwenziwe, mpaka kodi ilipwe na uhamisho usajiliwe. Ushuru wa stempu, asilimia 1, pamoja na ada za mthamini, wakili na usajili, vitengwe tangu mwanzo. Ile asilimia kumi inayodaiwa na baadhi ya mitaa kwa kushuhudia mauzo iombewe risiti ya serikali. Mara nyingi ombi hilo peke yake huishusha bei. Na kodi ya pango la ardhi iangaliwe kama ina malimbikizo, kwa kuwa huifuata ardhi na si mtu, tofauti na kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kidogo kidogo katika ununuzi wa umeme.

Limebaki jambo la majina, ambalo wanaume wengi hulikwepa na ambalo huzivunja nyumba nyingi kuliko upepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa. Mnunuzi basi adai ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, yenye sahihi na picha, hata akiambiwa kwamba waliachana zamani, kwa maana talaka nayo ina cheti. Na kwa upande wake mwenyewe, anapojaza fomu za uhamisho pamoja na mwenzi wake, waulizane wanataka umiliki wa namna gani: wa pamoja, ambao mmoja akifariki hisa yote humwendea aliyebaki, au wa hisa, ambao fungu la marehemu huingia katika mirathi na kugawiwa warithi. Karani hatawauliza, atatia alama kwenye kisanduku kimoja, na kisanduku hicho ndicho kitakachosomwa siku ambayo mmoja wao hayupo kueleza alikusudia nini.